Na Mchwa Je? Mazungumzo Juu ya Jengo la Utafiti la Mbao

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo, Mwisenge, Musoma)



Wiki mbili zilizopita tulisoma pamoja, katika darasa hili hili, habari ya nyumba ya ghorofa 18 iliyojengwa kwa mbao katika Chuo Kikuu cha British Columbia, nchi ya Kanada. Mtakumbuka jinsi tulivyocheka. Mama mmoja alisema labda mpiga chapa amekosea, alitaka kuandika ghorofa 1, ile 8 ikajiandika yenyewe. Halafu mzee wetu mmoja, fundi wa mitumbwi, aliyekuwa amekaa kimya pale nyuma, akauliza maneno matatu tu: "Na mchwa je?"

Hatukuwa na jibu. Tuliahidi kwenda kusoma, ndipo turudi. Basi leo tumerudi.

Huenda mtu akasema, mambo ya chuo kikuu yanatuhusu nini sisi wavuvi na wakulima? Yanatuhusu sana. Pale Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Ni chuo cha mkoa wetu, nacho kimo katika mpango wa Serikali wa kupanua vyuo vikuu, ule unaoitwa HEET, ambao Benki ya Dunia iliukubalia dola milioni 425 mwaka 1921 na mia moja, yaani 2021. (Kijana anayecheka hapo mbele, hesabu ni sawa, tulitaka kuona nani yuko macho.) Ule si msaada wa bure. Ni mkopo, na mkopo hulipwa na wananchi. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza vyuo vyetu vinajengwa kwa vitu gani, na fedha ile inakwenda kwa nani: kwa mwenye kiwanda cha saruji, kwa mwenye meli ya nondo, au kwa mkulima wa miti.

Tena sisi watu wa Mwisenge hatuwezi kusema elimu ya juu ni mambo ya wengine. Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza hapa hapa Mwisenge mwaka 1934. Na ni mjini humu, Novemba 1974, lilipopitishwa Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote waingie shule, na kijana afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu. Utaratibu ule wa kwenda Chuo Kikuu ulikwisha badilishwa zamani, lakini wazee waliokuwapo bado wanauzungumza, nasi tunawasikia.

Na kuna jambo la miti yetu. Hili mnalijua wenyewe. Kikundi chetu kina shamba la misindano, ile miti ambayo wengine huiita mipaina, kule upande wa Butiama. Sasa ina umri wa miaka 9. Mfanyabiashara amekuja, anataka kuinunua yote ikiwa imesimama, alipe fedha mkononi. Wengine wetu wanasema tuuze leo, ada za shule hazisubiri. Wengine wanasema tungoje. Katika mkutano uliopita karibu tugombane. Jambo hilo tutalirudia, maana halitengani na swali la mzee.

Basi, jengo la utafiti ni nyumba ya namna gani? Si darasa tu. Ni mahali wanapopima udongo wa shamba lako kujua umepungukiwa nini. Ni mahali wanapochunguza mbegu ya mtama kama ina ugonjwa, au samaki aliyekufa ziwani amekufa kwa sababu gani. Mle ndani mna hadubini, vile vyombo vya kukuza vitu vidogo mpaka vionekane. Mna mizani inayoweza kupima punje chache za chumvi. Mna mabomba, mitungi ya gesi na dawa kali. Kwa hiyo nyumba hiyo ina masharti yake. Sakafu isitikisike. Vyumba viwe vipana, maana vyombo vya leo si vya kesho, na kuta za ndani huhamishwa. Maji yakimwagika yasipenye. Moto ukitokea, watu wapate nafasi ya kutoka.

Nyumba yenye masharti hayo yaweza kujengwa kwa mbao? Tunaposema mbao hapa, msifikiri mabanzi ya kibanda cha kuuzia vocha. Tunasema mbao za tabaka. Hizi hutengenezwa kiwandani hivi. Mti hupasuliwa kuwa mbao za kawaida, zenye unene wa sentimita 2 hadi 4 hivi. Mbao hizo hukaushwa katika tanuri mpaka maji yaliyobaki ndani yake ni kama sehemu 12 tu katika kila 100 za uzito wa mti wenyewe mkavu. Mahali penye fundo bovu hukatwa na kutupwa. Ncha za mbao huchongwa meno, zikaingizwa moja ndani ya nyingine kama mtu anavyokunja vidole vya mikono miwili pamoja, zikatiwa gundi. Hapo unapata ubao mrefu kuliko mti uliotoka.

Halafu mbao hupangwa. Tabaka la kwanza hulala kwa urefu. Tabaka la pili hulazwa juu yake kwa kukingama. La tatu kwa urefu tena. Tabaka huwa 3, au 5, au 7, zote zimepakwa gundi na kukandamizwa kwa mashine yenye nguvu nyingi. Kinachotoka ni ukuta mzima au sakafu nzima, upana wa mita 3 hivi na urefu wa mita 12 au hata 16. Mashine hukata matundu ya milango na madirisha humo humo kiwandani. Lori likifika uwanjani, kreni inanyanyua, mafundi wanafunga kwa skurubu ndefu na vyuma.

Kwa nini mbao zikingamane? Mama ye yote mwenye mlango wa mbao anajua. Masika mlango hubana, kiangazi hulegea. Mbao hunywa maji ikatanuka, lakini hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Sasa ukiikingamanisha na mwenzake, kila moja inamzuia mwenzake asitanuke. Ni akili ile ile ya mkeka: ukili mmoja mmoja hupinduka ovyo, ukisukwa hutulia. Na plaiwudi mnayoijua ni ndugu mdogo wa mbao hizi.

Kabla ya gundi, ukubwa wa chumba uliamuliwa na mti. Ukienda Mji Mkongwe, Zanzibar, utaona nyumba za mawe zenye vyumba virefu lakini vyembamba. Si kwamba wale wajenzi walipenda kubanana. Boriti ya mkandaa ndiyo iliyowaambia mwisho wa chumba ni hapa. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Otto Hetzer, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kuunganisha mbao kwa gundi zikawa boriti kubwa, hata ya kupinda. Mbao za tabaka zilizokingamana zilikuja baadaye, miaka ya 1990, huko Austria na Ujerumani. Profesa Gerhard Schickhofer wa mji wa Graz, aliyezifanyia utafiti miaka mingi, alipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2019. Mjini London waliinua nyumba ya ghorofa 9 kwa mbao hizo mwaka 2009. Ile ya Kanada tuliyoicheka ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2022 ikakamilika ya ghorofa 25 huko Milwaukee, Marekani. Hata kwetu habari imeanza: mwaka 2022 ilitangazwa mipango ya jengo la ghorofa 28 pale Fumba, Zanzibar, sehemu kubwa ikiwa mbao juu ya kiini cha zege.

Mmesikia neno hilo, kiini cha zege? Tulishike. Ile nyumba ya Kanada nayo si mbao tupu. Ghorofa ya chini ni zege. Minara miwili ya ngazi na lifti ni zege. Mbao zinaanza juu ya hapo. Lakini sehemu hiyo ya mbao ilisimamishwa kwa siku zisizofika 70, kwa sababu kazi kubwa ilikwisha fanyika kiwandani. Fikirini wenyewe jinsi zege linavyotaka mbao za kulishikilia, nguzo za muda, na kungoja likauke ghorofa kwa ghorofa.

Sasa tuje kwa mzee wetu na mchwa wake.

Mzee, mchwa wanakula mbao za tabaka. Wanakula kama wanavyokula nguzo ya nyumba yako. Gundi haiwazuii. Kanada walikojenga nyumba ile ni nchi ya baridi, na hapa kwetu Mara kichuguu kinaota hata katikati ya barabara. Kwa hiyo mtu akikwambia mbao hizi haziliwi, huyo anataka kukuuzia kitu. Dawa ni kumzuia mchwa asifike. Mchwa wa ardhini hupanda kutoka chini, tena hujenga njia ya udongo ili asikauke. Basi msingi uwe wa mawe na zege, uinuke juu ya ardhi kiasi cha mtu kuweza kuona njia ile ikipandishwa. Kati ya zege na mbao liwekwe bati lililopinda kingo. Udongo wa chini utiwe dawa. Na mbao zilizo karibu na msingi zitiwe dawa kwa mashine ya kukandamiza, kama zinavyotiwa nguzo za umeme. Halafu pawe na mtu mwenye ufunguo na tochi, anayezunguka chini ya jengo kila mwezi na kuandika katika daftari. Bila mtu huyo, yote tuliyosema ni kazi bure.

Hapa tuingize neno moja kwa mama zetu. Nguzo za umeme zenye rangi ya kijani nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Vipande vya nguzo hizo msivipikie, wala majivu yake msitie bustanini. Tumeona vikitumika kama kuni, ndiyo maana tunasema.

Adui mwingine ni maji, na kwa maoni yetu huyu ni mbaya kuliko mchwa. Mzee wetu anajua: mtumbwi hauozi pale panapokaa ndani ya maji siku zote, wala pale palipo pakavu siku zote. Unaoza pale panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Nyumba ni hivyo hivyo. Paa likiwa na vipenu virefu, ukuta haulowi. Bomba la maabara likivuja ndani ya sakafu kwa miezi mitatu bila kuonekana, kuvu wanaanza kazi. Lakini mbao ikikaa kavu hudumu. Huko Japani kuna hekalu la Horyu-ji, la mbao, ambalo limesimama zaidi ya miaka 1,300. Halina miujiza. Lina paa pana, na watu wanaobadilisha kipande kilichooza kabla hakijaambukiza mwenzake.

Moto je? Hapa tulistaajabu wenyewe. Mkiacha gogo nene jikoni usiku, asubuhi mnakuta nini? Nje makaa, ndani mti mzima. Yale makaa ya nje yanaukinga moyo wa gogo. Mbao nene huungua kwa mwendo unaojulikana, kama milimita 0.7 kwa dakika, kwa hiyo katika saa moja zinakwenda sentimita 4 hivi. Mhandisi anaongeza unene huo juu ya ule unaobeba mzigo, ili watu wapate nafasi ya kutoka. Chuma chenyewe hakiungui, lakini kikipata joto la nyuzi 550 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kikapinda. Hata hivyo Wakanada hawakubahatisha. Karibu mbao zote za nyumba ile walizifunika kwa mabamba ya jasi, na wakaweka mabomba ya kunyunyiza maji yanayofunguka yenyewe. Butiama, panapokosekana maji siku moja, mabomba hayo yatanyunyiza nini? Hili ni la kuuliza kabla ya kujenga.

Tena kuna gundi. Machi 2018 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kilikuwa kinajenga jengo jipya la misitu. Naam, walimu wa misitu wenyewe! Kipande kikubwa cha sakafu ya mbao za tabaka kiliachana na kuanguka. Kwa bahati hakikumwumiza mtu. Walipochunguza walikuta kwamba mbao zilikuwa zimepashwa joto, gundi ikakauka kabla ya kukandamizwa, ikawa imeshika juu juu. Vipande vingine vilikaguliwa, vibovu vikabadilishwa, na jengo likafunguliwa mwaka 2020. Mnaona hatari ya gundi: ubovu wake hauonekani kwa macho. Mbao yenye fundo unaiona. Gundi mbovu huioni mpaka imekuangusha.

Sisi hatuna haki ya kuwacheka. Miaka michache iliyopita tulisimamia ujenzi wa banda la darasa la kisomo katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Fedha zilikuwa kidogo. Tulinunua mbao na nguzo za bei nafuu, za miti michanga, mbichi, hazikukaushwa wala kutiwa dawa. Muuzaji hakutudanganya, alituambia miti ina miaka 7. Sisi ndio tuliotia sahihi. Masika ya pili paa lilikuwa limepinda kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Nguzo ukiigonga, inalia kama debe tupu. Tuliandika barua ya kuomba fedha za matengenezo, tukangoja jibu, na huku kisomo kinaendelea. Usiku mmoja wa upepo banda likaanguka lote juu ya madawati. Ulikuwa usiku wa Jumapili. Kama ingekuwa Jumatatu saa kumi jioni, wangekuwamo watu 30 na zaidi, wengi wao mama wenye watoto mgongoni. Tulikwenda pale asubuhi tukaokota ubao wa kuandikia, maneno ya Ijumaa bado yako juu yake. Tangu siku ile, mtu akituambia mbao ni mbao tu, hatumsikilizi.

Mti mchanga una shida gani? Mbao ya miaka ya kwanza ya msindano, ile iliyo karibu na moyo, ni nyepesi na laini, nayo hupinda sana inapokauka. Mti ukiendelea kukaa, ndipo unapoongeza mbao ngumu kwa nje. Ndiyo maana katika mashamba ya Serikali misindano ya mbao huachwa miaka 18 au zaidi, huku inapogolewa matawi ili isiwe na mafundo, na inapunguzwa ili inayobaki inenepe. Shamba kubwa kuliko yote ya Serikali ni Sao Hill, Mufindi, mkoa wa Iringa. Majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939, na sasa eneo lake lote ni zaidi ya hekta 135,000. Kanda yetu ya Ziwa nayo ina mashamba, ingawa ni madogo: Buhindi, upande wa Buchosa, na Rubya, Ukerewe. Wale waliosoma zamani watakumbuka ile kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Neno lilikuwa kweli, ila hatukuambiwa vizuri kwamba mali hiyo haipendi haraka.

Turudi kwenye jengo la utafiti. Kuna shida moja ambayo nyumba ya kulala haina. Sakafu ya mbao ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya mbao ya msindano ni kama kilo 500, na ya zege lenye nondo ni kama kilo 2,400. Wepesi huo ni faida kwa msingi na kwa kreni. Lakini kitu chepesi hutikisika. Mtu akipita kwenye barabara ya ndani, hadubini inacheza, anayechungulia haoni kitu. Chuo kile kile cha British Columbia kilipojenga jengo lake la sayansi ya ardhi, lililofunguliwa mwaka 2012, kilifanya jambo la akili: upande wa ofisi na mafunzo ni wa mbao, upande wa maabara ni wa zege. Hawakuona haya kuchanganya.

Pengine mtauliza, kama mbao zina adui wengi hivi, kwa nini tusibaki na saruji? Saruji nayo ina gharama yake, ila hulipwa mahali pengine. Kuichoma huko kiwandani hutoa hewa ya ukaa nyingi. Katika kila sehemu 100 za hewa hiyo zinazotokana na kazi za watu duniani, kama 7 au 8 ni za saruji peke yake. Hewa hiyo ndiyo inayozidisha joto na kuvuruga mvua. Mti hufanya kinyume. Unapokua unaivuta hewa ile na kuihifadhi. Mita moja ya ujazo ya msindano mkavu imeshika kiasi cha tani 0.9. Ukijengea, hewa hiyo inakaa ukutani. Ukichoma au ikioza, inarudi angani. Na faida hiyo ipo tu kama mti uliokatwa umepandwa mwingine. Asiyepanda amekata tu.

Na tofali la kuchoma mnalolipenda, nalo limekula miti. Hesabuni mikokoteni ya kuni inayoingia katika tanuri moja.

Maoni yetu basi ni haya. Kama Butiama wangetuuliza, tungesema msingi na ghorofa ya chini viwe vya mawe na zege. Mawe Mungu ametupa, Musoma nzima imekaa juu yake. Maabara zenye vyombo vya kupimia na maji mengi zikae hapo chini. Ofisi, maktaba na ukumbi mpana wa mihadhara viwe juu, kwa mbao za tabaka na boriti za gundi, chini ya paa lenye vipenu virefu. Mbao zitoke katika mashamba yetu, na kabla ya kupandishwa zipimwe na wataalamu wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wa TAFORI, ambao kazi yao ni hiyo. Kutoka Mufindi mpaka Butiama ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo gharama ya lori ihesabiwe waziwazi, na mashamba ya Ziwani yafikiriwe. Lakini kama vipande vitaletwa vimekwisha tengenezwa kutoka Ulaya kwa meli, sisi tunasema afadhali zege. Tutakuwa tumeacha nondo ya ng'ambo tukanunua ubao wa ng'ambo, na mkulima wa miti wa Tanzania amebaki kutazama lori likipita.

Baadhi yenu mtatupinga. Kijana mmoja amekwisha tuambia pale nje kwamba chuo cha mbao kitaonekana cha kimaskini. Tulimjibu kwamba maskini hajengi kwa mbao zenye unene wa kiganja na kidole, lakini hakuridhika, naye ana haki ya kusema hapa baadaye.

Sasa miti yetu. Mfanyabiashara atarudi Jumanne. Sisi wa Elimu ya Watu Wazima hatuna kura katika kikundi, ila tunaweza kufundisha hesabu. Funga kamba kuzunguka mti, kimo cha kifua, yaani mita 1 na sentimita 30 kutoka chini. Pima kamba hiyo, gawanya kwa 3.14, utapata unene. Kamba ikiwa sentimita 47, mti una unene wa sentimita 15. Huo hutoa fito, kuni, na mbao mbili tatu nyembamba za moyo, zile laini. Mti huo ukifika sentimita 30, unene umeongezeka mara mbili, lakini mbao zimeongezeka mara nne, na zaidi, kwa kuwa na urefu nao umeongezeka. Na zile zilizoongezeka ndizo ngumu. Mwenye shida ya ada tunamwelewa, hatumhukumu. Pengine ipo njia ya katikati: kila mstari tutoe ile miti myembamba na iliyopinda, tuiuze, iliyonyooka ibaki inenepe. Shamba linataka kupunguzwa hata hivyo, nasi tumechelewa.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane shambani. Kila mmoja aje na kamba, kalamu na daftari lake. Tutagawana mistari, watu wawili wawili, mmoja anapima na mwenzake anaandika. Yule aliyekuwa anaogopa hesabu za kugawanya atakaa na binti wa mama muuza dagaa, ambaye sasa anazijua kuliko sisi. Mzee wetu fundi wa mitumbwi tumemwomba aje na shoka lake dogo, atuonyeshe jinsi ya kutambua mti uliokwisha ingiliwa na mchwa kabla haujaangushwa.